Kansa ya utumbo Chanzuru: tunaizika kwa jina la bawasiri

Wadau, leo sina habari za nani kahamia chama gani wala nani kachaguliwa nini. Leo nataka tuongee kuhusu choo. Ndiyo, haja kubwa, na damu ambayo watu wengi wanaiona humo halafu wananyamaza. Najua kuna mtu hapo ameshaanza kucheka na kumwita mwenzake aje asome. Mwite, asome na yeye. Manake kicheko hiki hiki ni sehemu ya tatizo ninalotaka kulieleza.

Hoja yangu ni fupi. Kansa ya utumbo mpana ipo kwetu. Ipo Kilosa, ipo Mikumi, ipo Chanzuru. Siyo ugonjwa wa Wazungu na siyo ugonjwa wa wazee peke yao. Na kinachotumaliza zaidi ni kwamba ugonjwa huu unapita mikononi mwetu kwa miezi mingi ukiwa umevaa jina lisilo lake: bawasiri, amiba, minyoo, vidonda vya tumbo, mara nyingine uchawi. Siku jina lake halisi linapojulikana, kazi ya daktari inakuwa imebaki ndogo sana.

NANI ANATUHESABU?

Tuanze na swali rahisi. Kata ya Chanzuru ina wagonjwa wangapi wa kansa ya utumbo? Nenda kamuulize mtendaji wa kata, muulize mganga wa zahanati, muulize diwani. Hautapata jibu, na wala usiwalaumu. Jibu la swali hilo halipatikani kijijini.

Fikiria mwenyewe safari ya mgonjwa mmoja mpaka aingie kwenye takwimu. Kwanza akubali kusema kwamba anatokwa na damu huko nyuma. Kisha atoke duka la dawa aende zahanati, zahanati wamwandikie kwenda hospitali ya wilaya Kilosa, Kilosa wamwandikie rufaa Morogoro mjini, na Morogoro wampeleke Muhimbili. Huko akatwe kinyama kidogo, kipelekwe maabara, mtaalamu akitazame kwenye hadubini na kuandika kwamba hii ni kansa. Hapo ndipo anahesabiwa. Kila kituo kwenye safari hiyo kina watu wanaoshuka njiani. Mwingine nauli imekata, mwingine msimu wa kupalilia umefika, mwingine kaambiwa na jirani kuna mtaalamu wa mitishamba, na mwingine ndio hivyo tena, kafariki. Wote hawa hawamo kwenye hesabu yoyote. Kwenye msiba tunasema "tumbo lilimsumbua", basi.

Kwa hiyo ukisikia takwimu za kansa Tanzania, jua unasikia makisio. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilikisia kwamba mwaka 2020 Tanzania ilipata wagonjwa wapya wa kansa za aina zote kama 40,000 na vifo kama 27,000. Kansa ya shingo ya kizazi ndiyo inaongoza kwa mbali, halafu zinafuata nyingine kama ya matiti na ya tezi dume, na ya utumbo mpana imo kwenye kundi hilo la juu. Duniani kote shirika hilo lilikisia wagonjwa wapya wa kansa ya utumbo zaidi ya milioni 1.9 na vifo zaidi ya laki 9 kwa mwaka 2022. Hiyo inaifanya kuwa kansa ya tatu kwa wingi duniani.

NAMBA ZA MWANZA

Kwa vile Chanzuru hatuna hesabu yetu, inabidi tuchungulie kwa majirani. Hesabu nzuri kuliko zote ninayoifahamu kwa mazingira kama yetu imetoka Hospitali ya Bugando, Mwanza. Madaktari wa pale walipitia majalada ya wagonjwa wote waliothibitishwa kuwa na kansa ya utumbo mpana kuanzia Julai 2006 mpaka Juni 2011, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Someni namba hizi polepole, kila moja inasema kitu.

Wagonjwa walikuwa 332 ndani ya miaka 5, kwenye hospitali moja tu. Wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake, kwa uwiano wa 1.6 kwa 1. Umri wa kati ulikuwa miaka 46, yaani ukiwapanga wote kuanzia mdogo mpaka mkubwa, yule wa katikati kabisa ana miaka 46. Zaidi ya nusu, asilimia 54.8, kansa yao ilikuwa sehemu ya mwisho ya utumbo, yaani kwenye puru na ule mkunjo wa utumbo ulio juu yake.

Halafu inakuja ile iliyonikosesha usingizi. Asilimia 96.7 walifika hospitali wakiwa wamechelewa, ugonjwa ukiwa hatua za juu. Piga hesabu: katika watu 332, waliowahi ni 11 tu. Timu ya mpira! Karibu wote walifanyiwa upasuaji, lakini waliopata tiba ya ziada baada ya kisu, kama dawa za kansa au mionzi, walikuwa asilimia 16.8. Na waliotoka hospitali wakiwa hai walikuwa 297. Baada ya miaka 5 madaktari walipowatafuta, waliweza kuwapata 9. Wengine wote hawajulikani wamepona, wamekufa, au wapo wapi.

Sasa linganisha. Marekani, mgonjwa anayegundulika kansa ikiwa bado imekaa sehemu moja ya utumbo ana uwezekano wa karibu asilimia 90 wa kuwa hai miaka 5 baadaye. Akigundulika ikiwa imeshasambaa kwenye ini au mapafu, uwezekano huo unashuka mpaka kama asilimia 15. Ugonjwa ni ule ule na hospitali ni zile zile, tofauti ni siku aliyofika. Kwa hiyo mtu anayekwambia "kansa haina dawa" anakwambia kitu alichokiona kwa macho yake, simbishii. Ila alichokiona ni watu waliochelewa.

UMRI WA MIAKA 46: TUOGOPE AU TUSIOGOPE?

Hapa naomba vijana mkae vizuri, manake hii namba ya 46 huwa inapigiwa kelele vibaya. Watu wakiiona wanasema "kansa sasa inashambulia vijana wa Afrika". Marekani umri wa kati wa kugundulika na ugonjwa huu ni kama miaka 66. Je, ina maana utumbo wa Mtanzania unazeeka miaka 20 mapema? Siyo lazima. Tufanye hesabu ya darasa la saba.

Chukua mfano tu, namba za kubuni. Kijiji A kina watu 1,000: 900 wako chini ya miaka 50 na 100 wako juu ya hapo. Tuseme hatari ya kansa kwa mtu wa juu ya miaka 50 ni mara 10 ya kijana. Ukigawa hatari kwa pointi, vijana wanapata pointi 900 na wazee wanapata 1,000. Maana yake karibu nusu ya wagonjwa wa kijiji hicho watakuwa chini ya miaka 50. Kijiji B kiko Ulaya, nacho kina watu 1,000, lakini 600 ni vijana na 400 ni wazee. Vijana wanapata pointi 600, wazee wanapata 4,000. Hapo vijana ni kama 13 katika kila wagonjwa 100. Hatari ya mtu mmoja mmoja ni ile ile kabisa! Kilichobadilika ni wingi wa vijana.

Sisi ni Kijiji A. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na wengi wetu ni watoto na vijana. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ile 46 inatokana na sura ya taifa letu. Hiyo ni habari njema kwa kijana mmoja mmoja: bado ugonjwa huu ni nadra kwako.

Lakini msifurahi mpaka mkasahau upande wa pili. Kwanza, kwa daktari wa zahanati haijalishi sababu ni nini. Nusu ya wagonjwa watakaokaa mbele yake watakuwa watu wa miaka ya 20, 30 na 40, watu ambao kila mtu atasema "huyu ni mdogo, haiwezi kuwa kansa". Pili, hata huko kwenye wazee wengi, sehemu ya vijana inapanda kweli. Marekani, walio chini ya miaka 55 walikuwa asilimia 11 ya wagonjwa wapya mwaka 1995, wakafika asilimia 20 mwaka 2019. Yule Chadwick Boseman wa filamu ya Black Panther alifariki Agosti 2020 kwa kansa hii hii akiwa na miaka 43. Mwaka 2021 Wamarekani wakashusha umri wa kuanza kupima kutoka miaka 50 mpaka 45. Na hapa kwetu, watafiti waliopitia majalada ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar, ya kati ya 2005 na 2015 walikuta wagonjwa wa kansa ya utumbo wameongezeka mara kadhaa ndani ya hiyo miaka 10. Kiasi gani cha ongezeko ni ugonjwa na kiasi gani ni watu wengi zaidi kufika hospitali, hapo kuna mjadala. Lakini foleni yenyewe ni ndefu kuliko zamani, hilo halina mjadala.

"UGONJWA WA WAZUNGU" ULITOKA WAPI?

Kuna daktari mmoja wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliyefanya kazi Mulago, Kampala, kwa miaka mingi kabla na baada ya uhuru wa Uganda. Ndiye aliyeeleza ile kansa ya taya ya watoto mwaka 1958 mpaka ikapewa jina lake. Huyu jamaa aliona kitu: wagonjwa wa kansa ya utumbo waliokuwa wamejaa hospitali za Uingereza, kwake Uganda walikuwa hawaonekani. Mwaka 1971 akaandika kwamba sababu ni chakula. Mwafrika wa kijijini anakula vyakula vyenye makapi mengi, choo chake ni kikubwa na kinapita haraka, kwa hiyo uchafu haukai muda mrefu ukigusana na ukuta wa utumbo. Na hakuishia kwenye maneno. Yeye na wenzake walipima. Choo cha mwanakijiji wa Uganda kilikuwa zaidi ya gramu 400 kwa siku, cha baharia wa Uingereza kama gramu 100. Chekeni tu, lakini hiyo ni sayansi iliyobadilisha vyakula vya dunia nzima.

Burkitt alikuwa na ukweli mkubwa. Mwaka 2015 watafiti walichukua Wamarekani weusi 20 wa mji wa Pittsburgh na Waafrika Kusini 20 wa kijijini, wakawabadilishia chakula kwa wiki 2. Wamarekani wakalishwa chakula cha kijijini chenye makapi mengi na mafuta kidogo, Waafrika wakalishwa nyama na mafuta ya Kimarekani. Wiki 2 tu! Dalili za hatari kwenye ukuta wa utumbo zikashuka kwa Wamarekani na zikapanda kwa Waafrika. Mwaka huo huo IARC ikaziweka nyama za kusindika, kama soseji, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha kansa kwa uhakika, na nyama nyekundu kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha.

Lakini Burkitt naye alikuwa anahesabu waliofika hospitali. Mzee aliyefia kijijini kwa "tumbo" mwaka 1955 hakumwona. Na wakati ule watu waliofika miaka 60 na kitu walikuwa wachache. Wastani wa kuishi Tanganyika mwaka 1960 ulikuwa karibu miaka 44, leo Tanzania umepita 65. Wazee wanaongezeka, na kansa inapenda umri.

Sasa angalia sahani ya Chanzuru. Pale Ilonga, jirani kabisa, kuna kituo cha utafiti wa kilimo ambacho kwa miaka mingi kimeshughulika na mtama na mazao ya mikunde. Wilaya yetu inalima mahindi, mbaazi, kunde. Yaani dawa ya Burkitt inaota nyuma ya nyumba. Lakini nani kati yetu anaona fahari kumkaribisha mgeni kwa dona na mbaazi? Mgeni anakula sembe nyeupe iliyokobolewa mpaka ikabaki wanga mtupu, pumba tunampa nguruwe na kuku. Yale makapi ambayo utumbo unayahitaji ndiyo tunayalipia mashineni yaondolewe. Mjini ndio kabisa: chipsi mayai mchana, soda, nyama choma na bia jioni, sigara juu yake. Pombe, sigara na uzito mkubwa, zote zinaongeza hatari ya kansa hii.

Simwambii mtu kwamba akila dona hatapata kansa. Wapo wanaokula vizuri na wanaugua, wengine kwa sababu iko kwenye damu ya ukoo. Nasema tuna kinga ya bure, na tunaitupa wenyewe kwa sababu ya sifa.

AIBU NA GLAVU

Tuje kwenye kiini. Kansa hii kwa kawaida huanza kama kinyama kidogo ndani ya utumbo, na mara nyingi huchukua kama miaka 10 mpaka kinyama hicho kigeuke kansa. Miaka 10! Ni ugonjwa unaotoa nafasi. Na ukishaanza unapiga hodi: damu kwenye choo, choo kubadilika (mara kuharisha, mara kufunga, au kinakuwa chembamba), kuhisi haja haijaisha wakati imeisha, tumbo kusokota, kupungua uzito bila sababu, kuishiwa damu na kuchoka.

Tatizo ni kwamba damu kwenye choo ina sababu nyingi na nyingi siyo kansa. Bawasiri, ambayo wengine mnaiita mgoro, ni ya kawaida kabisa. Amiba ipo. Kwa hiyo jina la bawasiri halina kosa. Kosa ni kulitoa bila kuangalia.

Baba yangu mdogo alianza kuona damu wakati wa mavuno. Duka la dawa wakampa vidonge vya amiba. Damu ikapungua, ikarudi, akapewa tena vile vile. Kisha mama mmoja gulioni akamuuzia unga wa mizizi ya kutibu bawasiri. Ukapita karibu mwaka mzima. Nikamwambia, baba, nenda hospitali wakakuangalie. Akanitazama akasema, "Mwanangu, mimi mtu mzima nikavue suruali mbele ya kijana wa umri wako, aniingize kidole? Bora nife na heshima yangu." Alikuja kupelekwa hospitali siku choo kilipofunga kabisa na tumbo likajaa. Walipomfungua, ugonjwa ulikuwa umefika kwenye ini. Ulikuwa umeanzia kwenye puru, mahali ambapo daktari aliyevaa glavu angeufikia kwa kidole ndani ya dakika 2.

Nimelisema hili kwa sababu najua hayuko peke yake. Kila ukoo una baba mdogo wa namna hii. Na sisi vijana ndio tunaolitia sumu jambo hili kwa utani wetu wa kijiweni. Mwanaume akisema kapimwa huko, ataitwa majina mpaka ahame mtaa. Kwa wanawake nako kuna aibu yake, hasa kama mtoa huduma ni mwanaume na chumba hakina hata pazia. Kumbuka ile namba ya Mwanza: zaidi ya nusu ya kansa zilikuwa sehemu ya mwisho ya utumbo. Siyo zote zinafikiwa na kidole, za juu zaidi zinahitaji kamera. Lakini zile za kwenye puru nyingi zinafikika kwa glavu, mafuta ya kulainisha na mtumishi asiyeona kinyaa. Mashine ya mabilioni haihitajiki kwa hatua hiyo ya kwanza.

Kuna woga mwingine nao tuuseme: mfuko wa choo tumboni. Wagonjwa wengine wakisikia watatolewa utumbo nje wanatoroka wodini. Ukweli ni kwamba siyo kila mgonjwa anawekewa, wengine wanawekewa kwa muda tu, na ugonjwa ukiwahiwa uwezekano wa kuukwepa unakuwa mkubwa zaidi. Anayekimbia mfuko kwa kuchelewa, mara nyingi anaukimbilia.

UMBALI SIYO KISINGIZIO PEKEE

Mtu atasema, wewe unaongea kirahisi, Dar ni mbali. Kweli. Kutoka Kilosa mpaka Morogoro mjini ni zaidi ya kilomita 100, na Dar ni karibu 300. Nauli ya mgonjwa na anayemsindikiza, kula, kulala kwa ndugu anayeanza kununa wiki ya pili, haya yote ni hela ambayo mkulima anaipata mara moja kwa mwaka. Kwa miaka mingi mionzi ya kansa ilipatikana Ocean Road tu kwa nchi nzima, mpaka Bugando nao walipoanza. Treni ya SGR iliyoanza safari za Dar na Dodoma mwaka 2024 inapita wilayani kwetu, imesaidia muda, ila nauli bado ni nauli.

Lakini naomba tukumbushane mwaka 2011. Mzee Ambilikile Mwasapila kule Samunge, Loliondo, alitangaza kikombe cha shilingi 500 kinachotibu ukimwi, kisukari, kansa na mengine. Watanzania tulifanya nini? Tulikodi magari, tukauza ng'ombe na mbuzi, tukalala njiani siku kadhaa kwenye foleni ya magari ya kilomita nyingi, na wagonjwa wengine wakafia humo humo barabarani. Hakuna aliyesema Loliondo ni mbali. Kwa hiyo umbali unaua, sikatai, lakini mtu akiwa na tumaini anapata nauli. Ukoo ulioweza kuchangia safari ya Loliondo unaweza kuchangia safari ya Morogoro. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia mapema kwamba ukiwahi, kuna kupona.

TUFANYE NINI BASI?

Sitaki kuishia kulalamika. Naona mambo manne, na hakuna hata moja la kusubiri wafadhili.

Moja, kanuni ya nyumbani. Damu kwenye choo, au choo kilichobadilika kwa zaidi ya wiki 3, siyo kazi ya duka la dawa. Ni zahanati, na ukifika sema waziwazi kwamba ni damu, usiseme "tumbo linasumbua". Ukipewa dawa ya amiba na damu ikarudi, usirudie dozi. Omba upimwe kwa kidole na uandikiwe rufaa. Ni haki yako kuomba. Na kama mzazi, kaka au dada yako aliwahi kuugua kansa hii, mwambie daktari hata kabla ya dalili.

Mbili, wauza dawa. Mkoa wetu wa Morogoro ulikuwa miongoni mwa ya mwanzo kupata yale maduka ya dawa muhimu yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, na wauzaji wake walipewa mafunzo. Waongezewe sentensi moja tu kwenye mafunzo hayo: mteja akija mara ya pili kwa damu ya choo, usimuuzie, mpeleke zahanati. Wao ndio wanaomwona mgonjwa wa kwanza kabla ya daktari yeyote.

Tatu, daftari. Kila zahanati iandike damu ya choo kama jambo lake lenyewe: umri, jinsia, alipimwa au hakupimwa, alipelekwa wapi, alirudi na jibu gani. Daftari la shilingi elfu chache. Baada ya miaka 3 Kilosa itakuwa na kitu ambacho wilaya nyingi hazina, hesabu yake yenyewe. Sensa ya 2012 ilituhesabu wilayani watu zaidi ya laki 4. Hatuwezi kuendelea kukisia magonjwa yetu kwa majalada ya Mwanza.

Nne, wawakilishi. Wilaya moja, majimbo mawili, Kilosa na Mikumi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilitungwa mwaka 2023. Swali la kuwauliza wabunge na madiwani wetu siyo "mtatujengea nini", ni hili: mkulima wa Chanzuru akipewa rufaa ya kupimwa utumbo kwa kamera, bima inamlipia kipimo hicho au haimlipii? Na majibu ya kinyama chake yatachukua siku ngapi? Anayeweza kujibu hayo mawili, huyo anastahili kusikilizwa jukwaani.

Mwenye mawazo tofauti atiririke hapo chini, hasa wadau mlio kwenye zahanati na vituo vya afya, nyie mnayaona haya kila wiki. Na wewe uliyeanza kwa kucheka: kama kuna mzee wako nyumbani anayekaa chooni muda mrefu siku hizi na suruali zimeanza kumpwaya, usinijibu mimi. Muulize yeye, leo, tena mkiwa wawili tu.

Naomba kutoa hoja.